Kampuni ya ukoo: niliyojifunza kwa wakandarasi wa Kimaliseet

Wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania tukahamia jimbo la Maine, Marekani, tunaanzia kwenye vibarua vya ujenzi, kisha ndugu wawili watatu wanataka kufungua kampuni yao. Wakinijia kwa ushauri, nawaeleza habari za familia niliyoifanyia kazi Houlton, kaskazini-mashariki mwa jimbo, jirani na mpaka wa Kanada. Ni Wamaliseet, au Wolastoqiyik kama wanavyojiita wenyewe, wenyeji asilia wa huku, watu wa mto Wolastoq ambao kwenye ramani umeandikwa Saint John. Kampuni ni ya baba, dada yake, na watoto wa pande zote mbili. Wanachimba misingi na mitaro, wanaweka mashimo ya septiki, wanatengeneza barabara za mashambani na makalavati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Mimi nilikuwa dereva wa eskaveta.

Nianze na makalavati, maana hapo ndipo utaielewa kampuni yao. Mteja akitaka bomba jembamba kwa kuwa ni rahisi, wanamwambia hapana. Bomba jembamba hubana maji, maji hukimbia kwa nguvu na kuchimba upande wa chini, mwisho mdomo wa bomba unabaki ukining'inia juu ya kijito. Samaki anayepanda kwenda kutaga anagota hapo. Mto Meduxnekeag unapita Houlton, unavuka mpaka na kumwaga maji yake Wolastoq pale Woodstock, New Brunswick. Salmoni waliowalisha wazee wa familia hii wamekuwa adimu mno, na bwawa la Mactaquac lililokamilika 1968 lilichangia kwa kuziba njia yao kwenye mto mkubwa. Ukikua ukisikia habari hiyo mezani kwenu, huwezi kuweka bomba la kuziba kijito halafu ukalala.

Sasa angalieni jinsi uchungu ule ulivyogeuka ujuzi. Kanuni yao ni kwamba kivuko kiwe na upana wa mara 1.2 ya kijito kinapojaa hadi ukingoni, na chini yake kulazwe mawe na changarawe ili sakafu ifanane na ya kijito chenyewe. Kanuni hiyo hufundishwa Maine nzima, ila wao waliijali kabla ya kudaiwa na mkaguzi. Bei inapanda, ndiyo. Lakini kivuko kipana hakisombwi kirahisi na mvua kubwa, wala hakizibwi ovyo na magogo. Yule dada mtu humkalisha mteja na kumpigia hesabu ya barabara kukatika na kujengwa upya. Wengi hukubali. Ndiyo maana nawauliza ndugu zangu: huko kwenu mnajua nini kuhusu maji, udongo, mbao au matofali ambacho mkandarasi mwingine hapa hakijui? Hicho ndicho mkipigie bei.

Kwenye kusafisha viwanja pia wana utaratibu wao. Kabla ya msumeno kuwashwa, mtu anapita kutafuta eshi mweusi, mti ambao gogo lake hupondwa hadi pete za miaka zikaachana na kuwa vipande vya kusukia vikapu. Vikapu hivyo ndivyo familia za Kimaliseet zilivyowauzia wakulima wa viazi wa Aroostook, wilaya ilipo Houlton, miaka na miaka. Siku hizi kuna mdudu kutoka Asia anayeua miti ya eshi, na Maine alionekana 2018, tena huko huko kaskazini. Kwa hiyo gogo zuri likipatikana, msusi anaitwa alichukue, kwa kufuata sheria za karantini ya mbao. Haiwaingizii senti, na sikuwahi kusikia yeyote katika familia akilalamika.

Kuhusu tenda za serikali nitasema kwa ufupi. Marekani kuna mpango uitwao 8(a), unaosaidia kampuni ndogo za watu walionyimwa nafasi kupata tenda za serikali, na Kanada nayo ina wake kwa kampuni za wenyeji asilia. Kote mwenye sifa lazima amiliki angalau asilimia 51 na awe ndiye anayeendesha kampuni kweli. Basi huja watu wenye mitaji: tupeni jina lenu, kazi tutafanya sisi. Dada mtu alikuwa na swali moja tu kwao: hundi atasaini nani? Hakuna aliyekuwa na jibu la kumridhisha. Na sisi wahamiaji tunafuatwa vivyo hivyo. Msikubali. Hata yule aliyetoa jina lake tu kwenye fomu anaweza kufikishwa mahakamani. Halafu 8(a) ina miaka 9 tu. Kampuni inayoishi kwa cheti pekee itakufa siku cheti kinapokwisha.

Jambo la mwisho ni ndugu. Kutokana na Mkataba wa Jay wa 1794, wenyeji asilia waliozaliwa Kanada na wenye angalau nusu ya damu hiyo wanaweza kuingia Marekani na kufanya kazi bila viza, kwa hiyo kiangazi binamu huja kutoka Tobique, jamii ya Wamaliseet upande wa Kanada. Wanalipwa kwa viwango vile vile vilivyoandikwa kwa kila mfanyakazi, mimi nikiwemo, na saa zao zinaingia daftari lile lile. Sijaona ugomvi wa fedha pale.

Na mtu wa ukoo akifariki, mashine zinazimwa. Hawaombi radhi, kwa sababu wamekwisha kuiandika kwenye ratiba ya mkataba: kukitokea msiba, siku kadhaa zinaongezwa bila faini. Sisi tunaojua uzito wa matanga tunajificha, tunamdanganya mteja kuwa gari limeharibika. Iwekeni kwenye mkataba, kabla ya sahihi, kwa maneno ya wazi. Mimi na wadogo zangu tunafanya hivyo. Mteja mmoja alikataa kifungu hicho, tukamwachia kazi yake.