Model F na Model M kwenye kompyuta ya USB: kwa nini adapta ya zambarau haisaidii

Mkuu, kibodi zako mbili za zamani za IBM, Model F na Model M, zina matatizo mawili tofauti, ingawa plagi zinafanana. Umesema zote ni DIN (plagi ya mviringo) kubwa ya pini 5, umezipitisha kwenye adapta ya DIN kwenda PS/2 (plagi ndogo ya mviringo iliyokuja baada yake), kisha ile ndogo ya zambarau ya PS/2 kwenda USB. Model M inawasha taa mara moja halafu kimya. Model F ya vitufe 83 haifanyi lolote.

Ya zambarau weka kando. Ndani yake hakuna saketi, ni waya tu. Inafaa kwa kibodi zinazojua USB na PS/2 zote mbili. Kibodi za miaka ya themanini hazijui USB.

Model M ndiyo rahisi kutatua. Taa kuwaka mara moja maana yake umeme unafika na kibodi imejipima. Inatumia mfumo wa AT wa 1984 (namna kibodi inavyozungumza na kompyuta), ambao PS/2 ya 1987 iliurithi ulivyo ikabadili umbo la plagi tu, kwa hiyo adapta yako ya DIN kwenda PS/2 ni sahihi. Kama kompyuta ya mezani bado ina tundu la PS/2, chomeka hapo, lakini zima mashine kwanza, maana tundu hilo halikuundwa kuchomekwa likiwa na umeme. Kama ni laptop, unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani. Cha bei ya chini kinaweza kukuangusha: Model M za mwanzo hula umeme mwingi kuliko kibodi za kisasa, na ukipungua utaona taa zinawaka na kuzima au kibodi inajianzisha upya katikati ya sentensi. Usiipitishe kwenye habu ya USB isiyo na umeme wake.

Model F ya vitufe 83 ni ya mfumo wa XT, wa IBM PC ya 1981. Haina taa, kwa hiyo ukimya wake hauthibitishi kuwa imekufa. Fremu ya AT, yaani kifurushi cha ishara kinachotumwa, ina biti 11: ya kuanza, 8 za data, ya pariti (ya kukagua makosa), ya kumalizia. XT haina pariti, misimbo ya vitufe ni mingine, na kibodi husema tu, haipokei amri. Plagi inaingia vizuri kabisa na hakuna kinachoeleweka upande wa pili. (Kibodi za kuiga IBM mara nyingi zina swichi ya X/A mgongoni. Ukiwa nayo, weka A, chomoa, chomeka tena.)

Kwa XT, tengeneza kigeuzi mwenyewe. Nunua Pro Micro, bodi ndogo ya kuprogramu yenye chipu ya ATmega32U4, ya volti 5 na MHz 16. Ya volti 3.3 iache. Tafuta soketi ya DIN ya pini 5, ile ambayo pini zake zimepangwa nusu duara (nyuzi 180). Hapa ndipo wengi wanapokosea: namba za pini hazifuatani. Ukizipita kwa mpangilio ni 1, 4, 2, 5, 3, na ya katikati ndiyo namba 2. Pini 1 ni kloki (mapigo ya kupanga muda), 2 ni data, 3 ni riseti, 4 ni graundi, 5 ni volti 5. Pima kwa mita kabla ya kulehemu.

Volti 5 iende VCC, graundi iende GND, kloki na data ziende pini 2 na 3 za bodi. Ipi iende wapi inategemea programu utakayotumia, soma maelezo yake. Ukizigeuza hakuna kinachoungua, herufi tu hazitoki. Weka rezista ya kilo-om 4.7 kutoka kila moja ya waya hizo mbili kwenda volti 5. Zilizomo ndani ya chipu ni dhaifu, na kwa kebo ndefu herufi huanza kuruka.

Programu ya kupakia kwenye bodi ni Soarer's Converter au TMK (folda ya ibmpc_usb). Gusanisha pini za RST (riseti) na GND za bodi mara mbili haraka. Bodi itafungua poti mpya ya COM kwenye kompyuta kwa sekunde kama 8, na ndani ya muda huo uwe umeshabonyeza Enter kwenye amri hii ya avrdude, programu ya kupakia faili kwenye bodi:

avrdude -p m32u4 -c avr109 -P COM5 -U flash:w:faili.hex

Badilisha COM5 na namba inayotokea kwako, na faili.hex na jina la faili la programu uliyochagua. Ukichelewa, rudia, hakuna kilichoharibika.

Programu zote mbili hutambua XT na AT zenyewe, kwa hiyo kigeuzi hicho hicho kitaendesha na Model M yako. Hata zile za terminali zenye vitufe 122 zinakubali, ila kagua plagi, baadhi ni DIN ya nyuzi 240.

Kitufe cha Windows hakipo kwenye zote mbili. Kihamishie kwenye Caps Lock ndani ya kigeuzi chenyewe, si kwenye Windows, ili kikufuate kwenye kila mashine.