Mume wangu ana narkolepsi, sasa anarusha ngumi usingizini: je, ni Parkinson?

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 31 na ana narkolepsi. Mchana usingizi humbeba ghafla, na akicheka sana magoti humlegea. Kwa ajili ya hayo magoti alianzishiwa venlafaksini. Siku hizi usiku anapiga kelele na kurusha ngumi. Juzi nusura anitoboe jicho. Nimesoma kwamba wanaofanya hivi huishia kupata Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Ni kweli?

JIBU: Pole sana, dada. Ulichosoma ni kweli, ila kinawahusu zaidi watu waliovuka miaka 50 wasio na narkolepsi, ambao tatizo hili huwaanza bila sababu inayoonekana. Wengi wao baadaye hupata Parkinson au dimenshia, yaani kumbukumbu na akili kufifia. Kwa kijana mwenye narkolepsi, chanzo ni kingine.

Mtu anapoota, shina la ubongo huifunga misuli kama kwa kufuli, ikibaki ya kupumua na ya macho. Mwaka 1965 Mfaransa Michel Jouvet na mwenzake waliharibu sehemu ndogo ya shina hilo kwa paka, nao wakawa wanainuka na kushambulia huku wamelala. Katika narkolepsi ya aina ya mumeo, zimekufa seli zinazotoa haipokretini, kemikali inayolituliza kufuli hilo. Ikikosekana, kufuli hujifunga mchana mtu akiwa macho, ndiyo hayo magoti, na usiku hulegea katikati ya ndoto. Hitilafu ni moja. Na kwa kuwa wenye narkolepsi huweza kuanza kuota ndani ya dakika 15 tu za kulala, usishangae fujo ikianza mapema, kabla hata wewe hujasinzia.

Ninachokishuku zaidi ni dawa. Venlafaksini, kama dawa nyingi za sonona, huweza kuanzisha ngumi hizi au kuzizidisha. Je, zilianza baada ya dawa? Mwambieni daktari aliyeiandika. Lakini asiiache ghafla, tafadhali! Kulegea kunaweza kurudi kwa nguvu, akawa anaanguka mara kwa mara kutwa nzima.

Huenda akapimwa usiku mzima huku akirekodiwa kwa video, maana kukatika kwa pumzi usingizini na hata kifafa huweza kufanana na hali hii. Akikoroma, litajeni. Ikihitajika tiba, melatonini wakati wa kulala ni mwanzo mzuri. Klonazepamu husaidia pia, ila huacha usingizi asubuhi, jambo ambalo mumeo halihitaji, na haichanganywi na oksibeti ya sodiamu, dawa nyingine ya narkolepsi.

Kwa sasa laleni vitanda tofauti. Godoro lake liwe chini, na vyenye ncha au kioo viondoke karibu. Akianza, usimshike, simama mbali umwite jina mpaka aamke. Ukiweza, mrekodi kwa simu na uandike saa, kisha mpelekee daktari video hiyo.