Maswali na majibu: Odysseus, nahodha aliyerudi bila baharia hata mmoja

Tangu nimtaje Odysseus kwenye safu hii, maswali hayajakoma. Kwa wasiomjua: ni mfalme wa kisiwa cha Ithaca na shujaa wa Odisea, utenzi wa Kigiriki wenye mistari zaidi ya 12,000 unaohusishwa na Homer, wa yapata karne ya 8 kabla ya Kristo. Alipigana vita vya Troy miaka 10, na safari ya kurudi nyumbani ikamla mingine 10.

Shikamoo mwandishi. Mwalimu wetu anasema Odysseus ni shujaa, mimi namwona tapeli. Nani kakosea?

Marahaba. Hakuna aliyekosea. Mstari wa kwanza kabisa unamwita polytropos, mtu wa mizunguko mingi, na Wagiriki wenyewe walijadiliana kama hapo anasifiwa au analaumiwa. Kiswahili kimeturahisishia: ukimwita mtu "mjanja", maana inategemea unacheka au umekunja uso. Jina lake alipewa na babu mzaa mama, Autolycus, ambaye utenzi unamtaja kuwa bingwa wa wizi na viapo vya hila. Ukoo ni ukoo.

Kwa lile jitu la jicho moja, kosa lake ni lipi? Mimi naona alishinda.

Alishinda, kisha akaharibu. Waliingia pangoni yeye na wenzake 12. Wenzake wakamsihi: tubebe jibini na wanakondoo, twende zetu. Akakataa, alitaka kumwona mwenye pango na kupewa zawadi ya mgeni. Mwenye pango, Polyphemus, akarudi, akaziba mlango kwa jabali ambalo magari 22 ya kukokotwa yasingelisogeza, akala watu wawili chakula cha usiku.

Mtazame Odysseus usiku ule. Jitu linakoroma kati ya kondoo wake. Yeye kachomoa upanga, anapapasa mahali ini lilipo. Mkono ukasita. Akiliua, nani atasogeza lile jabali? Kama unatafuta ubora wake, usiende mbali na hapo: hasira imemfika kooni na akili bado inapiga hesabu.

Jioni iliyofuata, wenzake sita wameshaliwa, akalilewesha jitu kwa mvinyo, akasema jina lake ni "Hakuna Mtu", akalitoboa jicho kwa mti wa mzeituni uliochongwa na kutiwa moto. Majirani wakauliza nje, nani anakuua? "Hakuna Mtu ananiua!" Wakaenda zao.

Asubuhi jitu likasogeza jabali ili kondoo watoke, nao wakatoka wamejificha chini ya matumbo ya kondoo hao. Sasa wako baharini, wamepona. Odysseus anapiga kelele za kujisifu. Jabali linarushwa, linaanguka karibu na omo, wimbi linakirudisha chombo pwani. Mabaharia wanamwomba anyamaze. Anapiga kelele tena, safari hii kwa jina lake, jina la baba yake na la kisiwa chake. Apizo linataka jina, naye amelitoa bure. Polyphemus ni mwana wa Poseidon, mwenye bahari. Akamwomba baba: asifike huyu, na kama kufika ni lazima, achelewe, apoteze wenzake wote, aje kwa chombo cha watu wengine, akute taabu nyumbani. Yakatimia yote, moja baada ya jingine.

Je, ni kweli mabaharia walikufa kwa uzembe wao?

Mwanzo wa utenzi unasema hivyo: walikula ng'ombe wa mungu wa jua. Lakini hao walikuwa watu wa merikebu moja, na Odysseus aliondoka Troy na merikebu 12. Nyingine 11 ziliangamia kwa majitu yaitwayo Laestrygones, yaliyowadunga watu kama samaki. Merikebu hizo ziliingia ndani ya bandari, palipotulia. Ya kwake aliifunga nje, mwambani. Bila shaka moyo ulimwambia jambo, ila sioni mahali alipowaambia wenzake.

Na ule mfuko je? Aeolus, msimamizi wa pepo, alimfungia upepo wote wa mbisho mfukoni. Siku 9, usiku na mchana, Odysseus kashika kamba ya tanga na hampi mtu. Siku ya 10 Ithaca ikaonekana, mpaka mioto ya watu nchi kavu. Usingizi ukamchukua. Mabaharia, ambao hawakujua kilichomo, wakadhani ni dhahabu na fedha, wakafungua. Wengi humlaumu baharia kwa tamaa yake. Mimi namlaumu nahodha, kwa sababu maneno matatu tu yangewafikisha: "Humu mna upepo."

Baadaye aliwaficha pia habari za zimwi Scylla, aliyewanyakua sita. Hapo namwelewa kidogo, wangejua wangeacha makasia na kujificha. Ila kumbuka kwamba visa hivi tunavisikia kinywani mwake mwenyewe, akivisimulia karamuni kwa mfalme Alcinous. Hakubaki baharia wa kusema vingine.

Miaka 7 kwa Calypso, mwaka kwa Circe, na mke anasubiri. Huo uaminifu gani?

Dada yangu, simtetei. Kwa Circe, mungu wa kike mchawi, ni mabaharia waliomkumbusha kuwa kuna nyumbani. Kwa Calypso, mungu wa kike aliyemzuia kisiwani kwake, tunamkuta ufukweni analia, na mshairi anasema mwenyeji wake "hakumpendeza tena". Hilo "tena" lisome mara mbili. Hata hivyo aliahidiwa asife wala asizeeke, akakataa, huku akikiri kwamba mkewe, Penelope, hamfikii Calypso kwa uzuri.

Yeye na Achilles, nani zaidi?

Kwa upanga, Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki huko Troy. Katika Iliadi, utenzi mwingine unaohusishwa na Homer, wa vita vya Troy, Odysseus anatumwa kumbembeleza Achilles arudi vitani, naye anajibiwa: namchukia kama milango ya kuzimu mtu anayeficha hili moyoni na kusema lile. Jina halikutajwa, lakini aliyekuwa akijibiwa ni nani?

Nina insha: nimtetee vipi kwa kuua wachumba 108?

Hao, wanaume waliokuja kumposa Penelope wakidhani mumewe kafa, si kazi. Walikula mali yake kwa miaka, wakamvizia mwanawe Telemachus wamuue. Andika pia kwamba alimkataza mlezi wake, Eurycleia, asipige vigelegele juu ya maiti.

Lakini usiwaruke vijakazi 12 waliolala na wachumba. Kwanza walibebeshwa maiti na kufuta damu kwa sifongo, kisha wakanyongwa kwa kamba. Utenzi unawafananisha na njiwa walionaswa wakirudi kulala, na unasema miguu yao ilitapatapa kidogo, si sana. Kamba aliichagua Telemachus. Amri ya kuwaua ilitoka kwa baba. Nimesoma mistari hiyo mara nyingi na sijapata la kukupa uandike.

Kuna aliyewahi kumzidi ujanja?

Mkewe. Mtu huyu alivaa matambara ya ombaomba nyumbani kwake, akapigwa teke na mchunga mbuzi, akarushiwa kigoda, akauambia moyo wake uvumilie. Wachumba wamekwisha, ameoga, kaketi mbele ya Penelope, na Penelope bado hajamkubali. Akamwagiza Eurycleia, kama mtu anayemhudumia mgeni, akitoe nje kile kitanda alichotengeneza bwana, amtandikie. Kitanda hicho hakitoki: mguu wake mmoja ni shina la mzeituni lenye mizizi ardhini, na wanaojua ni wao wawili na kijakazi mmoja. Odysseus akasahau subira yake yote, akafoka: "Nani amekihamisha kitanda changu?"