Malengelenge na Wino Uliovuja kwenye Sinia la Mbao

SWALI: Ndugu Mhariri, nimelipamba sinia langu la mbao kwa picha za maua, nyingine nilizozikata kwenye majarida na nyingine nilizozichapisha kwa printa nyumbani. Za majarida zimeota malengelenge na mikunjo, za printa zimevuja wino, na gundi nyeupe niliyoipaka juu kama kinga inanata hadi leo. Je, niyabandue yote nianze upya?

JIBU: Ndugu msomaji, usibandue yote. Kasoro zote tatu zinahusiana na maji. Gundi nyeupe ya mbao, itumikayo sana katika dekupaji (ufundi huu wa kupamba vitu kwa picha za karatasi zilizokatwa), ina maji, na nyuzi za karatasi zikiyanywa hutanuka. Ukiikandamiza karatasi papo hapo, itaendelea kutanuka ilhali imekwisha kushikwa na mbao, na kwa kuwa haina pa kwenda, huinuka. Kwa hiyo iache itanuke kabla ya kuibandika: ipake gundi nyuma, subiri dakika moja au mbili hadi ilegee, kisha ilaze juu ya sinia lililopakwa gundi nyembamba na usukume hewa kwa kitambaa chenye unyevu kutoka katikati kwenda kingoni. Hatua hii ndiyo yenye kuamua sura ya kazi nzima, na ninakusihi usiiharakishe. Mikunjo midogo inayosalia usiisugue, kwani karatasi iliyoloa huchanika upesi, na mingi hunyooka karatasi inapokauka na kusinyaa. Malengelenge yaliyokwisha kukauka yapasue kwa wembe, uingize gundi kidogo kwa ncha ya kijiti na kukandamiza.

Picha zilizovuja, hizo kweli zibandue. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino unaoyeyuka katika maji, lakini printa za leza na mashine za fotokopi hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto ukagandamana na karatasi, nao hauvuji. Toa nakala ya picha zako kwa mashine ya aina hiyo.

Kuhusu kunata, gundi nyeupe ya kawaida si kinga ya kudumu: hulainika kwa joto na huweza kuwa nyeupe kama ukungu ikipata unyevu. Liache sinia mahali penye hewa hadi likauke kabisa, lipige msasa laini kwa wepesi bila kuzifikia picha, kisha lipake vanishi ya maji, kwa sababu ile ya mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita na kuyaharibu maua meupe. Paka tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Mafundi wa Venice wa karne ya 18, waliokuwa wakibandika picha za kukatwa kwenye samani ili kuiga kazi za laka (rangi ngumu inayong'aa) za China na Japani, walirudia vanishi mara nyingi mno hadi ukingo wa karatasi usihisike kwa kidole. Kwako tabaka nne au tano zitatosha, ila ninaamini kipimo chao cha kidole bado ni kizuri kuliko kuhesabu.

Hata baada ya hayo, vikombe vya moto viwekewe kitu chini, na chakula kisigusane na sehemu iliyopambwa. Sinia lifute kwa kitambaa chenye unyevu, usilitumbukize majini.