Kupanda ngazi kwenye gemu ya mishale bila kuumiza magoti

Gemu ya mishale ni ile ya kucheza dansi: mishale inapita kwenye kioo kwa mapigo ya wimbo, nawe unakanyaga vibao vya mkeka vinavyolingana nayo. Namba ya ugumu, yaani ngazi, iliyo pembeni mwa jina la wimbo haikuambii miguu yako itafanya kazi gani. Nyimbo mbili za ngazi 8 zinaweza kutofautiana kabisa: moja imejaa hatua za kawaida, mguu huu na huu, nyingine ina mishale michache lakini nusu yake ni ya kuruka kwa miguu miwili. Ya kwanza inamaliza pumzi, ya pili inamaliza magoti. Isitoshe, vipimo vyenyewe havilingani. Dance Dance Revolution ya Konami ilipotoka Japani mwaka 1998 haikuwa na kipimo inachotumia leo. Kipimo cha 1 hadi 20 kilianza na toleo la X la mwaka 2008. Pump It Up ya Korea Kusini ina vibao vitano badala ya vinne, na kipimo chake cha peke yake. Anayecheza nyumbani Mtwara au Lindi kwa StepMania, programu ya bure inayopokea nyimbo kutoka kila upande, hukutana na nyimbo za ngazi 9 zisizofanana hata kidogo.

Kwa hiyo acha namba, angalia mambo matatu: hatua kwa sekunde, idadi ya kuruka, na namna mishale inavyosomeka. StepMania huonyesha idadi ya hatua na ya kuruka unapochagua wimbo. Gawa hatua kwa sekunde za wimbo. Wimbo wa sekunde 100 wenye hatua 300 ni hatua 3 kwa sekunde. Anayeanza abaki chini ya 2. Akifika 3 na bado anaweza kuongea sentensi nzima wimbo ukiisha, miguu yake iko tayari kwa zaidi. Lakini wastani unaficha mambo. Kwenye wimbo wa mapigo 150 kwa dakika, mshale kwenye kila nusu ya pigo ni hatua 5 kwa sekunde, na kwenye kila robo ni 10. Kipande cha sekunde nane cha namna hiyo kinaweza kukaa katikati ya wimbo ambao wastani wake unaonekana mpole.

Kuruka ndiko ninakokuogopa zaidi, hasa kwenye sakafu ya saruji au ya marumaru ambayo hairudishi hata chembe ya nguvu. Katika StepMania kuna chaguo la NoJumps linalogeuza kila kuruka kuwa mshale mmoja. Litumie bila aibu. Kuna pia Little, linalobakiza mishale inayoangukia pigo kamili tu, na unaweza kupunguza kasi ya muziki wenyewe hadi 0.9, wimbo wa mapigo 160 ukawa wa 144. Hizi ndizo njia za kupunguza kazi ya mwili. Kasi ya mishale kwenye kioo, ile ya x2 au x3, ni jambo jingine kabisa: inatanua nafasi kati ya mshale na mshale ili macho yasome, wala haiongezi hatua hata moja. Wengi huikwepa wakidhani inaongeza ugumu, kisha wanateseka na mishale iliyobanana.

Ukishindwa wimbo, angalia umeshindwa wapi. Ukianguka theluthi ya mwisho baada ya kucheza vizuri, tatizo ni pumzi. Baki ngazi hiyohiyo, ongeza idadi ya nyimbo. Ukianguka pale pale kipande kigumu kinapoanza, hujachoka, hukukisoma. Ongeza kasi ya mishale, au punguza kasi ya muziki ukifanyie mazoezi. Ukipata mishale lakini hukumu za gemu, maandishi yanayosema umewahi au umechelewa, zinakuja za kuchelewa wimbo mzima, huenda shida ni TV. Runinga nyingi huchelewesha picha zikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa HDMI, hivyo washa hali ya gemu kwenye TV, halafu tumia sehemu ya kusawazisha muda iliyo kwenye mipangilio ya StepMania. Hili lina uhusiano wa moja kwa moja na magoti. Mtu anayeona hatua zake hazihesabiwi huanza kukanyaga kwa nguvu, na mkeka haujali nguvu. Unajali mguso tu.

Namna ya kukanyaga, basi. Legeza magoti na kaa chini kidogo, jinsi mchezaji wa sindimba anavyoyalegeza ili kiuno kiwe huru. Gusa kibao kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikielea karibu na sakafu. Mguu ukishagusa, uache pale pale. Kosa kubwa la wanaoanza ni kurudi katikati kila baada ya mshale: hilo linageuza hatua moja kuwa mbili, na kwenye gemu hizi kwa kawaida hakuna adhabu ya kukaa juu ya kibao kisichoitwa. Badilisha miguu, kushoto, kulia, hata pale mshale mmoja unapoonekana rahisi kuupiga mara mbili kwa mguu uleule.

Mkeka laini wa plastiki huteleza kwenye marumaru, na mguu unaoteleza hupinda kifundo. Nunua nusu ya karatasi ya plaiwudi, futi 4 kwa 4, ya milimita 12 au zaidi, ubandike mkeka juu yake kwa utepe wa gundi pande mbili. Chini ya ubao weka mpira usioteleza. Usiweke godoro wala sponji nene: kibao kinazama na kifundo kinayumba. Cheza pekupeku au na soksi. Viatu vinachana plastiki. Pekupeku kwenye joto letu ngozi hunata kwa jasho na kufanya malengelenge, ndiyo maana nashauri soksi nyembamba za pamba, mradi mkeka umebandikwa.

Na joto si jambo la kupuuza. Miezi ya kaskazi, Novemba hadi Machi, unyevu wa pwani unazuia jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Cheza alfajiri au baada ya Isha, feni ikielekezwa kifuani. Punguza ngazi moja au mbili kuliko unazocheza wakati wa kusi. Nyimbo tatu, kisha pumzika mpaka pumzi irudi. Dafu ni zuri, ila lina chumvi kidogo. Ukitoka jasho saa nzima kula na kitu chenye chumvi. Kichwa kikiuma au kichefuchefu kikianza, zima gemu, kaa penye upepo, jimwagie maji.

Vigimbi vikiuma siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali kwenye muundi au chini ya kifuniko cha goti si kawaida: siku kadhaa bila kuruka. Goti likivimba, au likiuma hata umekaa, nenda hospitali.

Wanaojipangia wenyewe mishale ya nyimbo za singeli kwenye StepMania wanakuta shida yake mahususi. Nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, maana yake mshale kwa kila pigo ni hatua zaidi ya 3 kwa sekunde tangu mwanzo hadi mwisho, bila nafasi ya kupumua. Weka mshale kila pigo la pili, jaza mapigo yote kwenye vipande vifupi vya sekunde tano au sita, na kuruka ukupange mwishoni mwa kipande, kamwe si katikati, ili miguu yote miwili itue na kutulia kabla mishale haijaendelea.