Mama kaingia TASAF, niendelee kumtumia hela?

SWALI: Anti shikamoo. Mi niko Mbagala, nina genge la nyanya na vitunguu. Mama yangu yuko kijijini Handeni na wajukuu zake watatu, na kila mwezi namtumia 30,000 na ya kutolea juu. Sasa jina lake limepita TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, anapokea kila baada ya miezi miwili. Kaka yangu anasema tuache kutuma, eti hela ya bure inalemaza watu na kijijini kwetu wengi wanaimalizia kilabuni. Mume wangu naye anasema bora nizikusanye nimpe mkupuo mwisho wa mwaka. Nimebaki njia panda Anti.
Mama G, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako namjua, yani simjui yeye ila kila familia inaye mmoja, yule ambaye toka mwaka uanze hajatuma hata buku tano lakini maoni anayo ya laki.

Tuanze na hiyo ya kilabuni maana ndo inayopendwa. Watafiti wa Benki ya Dunia walishakusanya tafiti za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakaangalia jambo hilohilo, na karibu kote wakakuta hela za namna hii haziongezi matumizi ya pombe na sigara, pengine hata yanashuka. Walevi wapo, ila walikuwepo hata kabla ya TASAF.

Na hapa kwetu si jambo la kubahatisha. Kabla mpango haujasambaa nchi nzima ulijaribiwa kwanza Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 80, malipo yakaanza 2010, nusu ya vijiji vikapata na nusu vikasubiri ili watu walinganishe. Waliopata walijiunga zaidi na CHF, bima ya afya ya jamii, wakanunua mbuzi na kuku, na watoto wao wengi zaidi wakawa na viatu. Viatu bwana! Sisi wa mjini tunaona kitu kidogo, ila mtoto anayeenda shule peku kipindi cha mvua anarudi na minyoo inayoingilia kwenye nyayo, halafu hela ya dawa ndo hiyohiyo ingenunua unga.

Kuhusu kulemaa, mi nakuuliza, hela yenyewe kaka yako ameiona? Haitoshi kumlemaza mtu, inatosha kumpa pumzi. Kingine, baadhi ya kaya zinapangiwa ajira za muda, wanachimba malambo, wanatengeneza barabara, wanalipwa kwa siku walizofanya. Malawi na Zambia ilionekana kwamba watu wakipata ruzuku wanapunguza vibarua na kurudi kwenye mashamba yao wenyewe. Sasa mtu akipita njiani akamkosa mama kwenye shamba la tajiri anasema amekuwa mvivu, kumbe yuko kwake anapalilia mahindi ambayo mwaka jana yalimezwa na magugu wakati yeye analima ya mwenzie apate hela ya chumvi.

Ngoja nikupe kisa. Niliwahi kumtembelea mama mdogo wangu Kisarawe ikaangukia siku ya malipo. Karudi na noti kazifunga kwenye pindo la khanga, nikadhani tunaenda sokoni, akanipitisha kwanza dukani. Mwenye duka akatoa daftari lake lile la kukunjakunja, akasoma: sukari robo mara tatu, sabuni ya mche kipande, kiberiti, dawa ya kichwa, chumvi. Mama mdogo akafungua pindo akalipa yote, jina likapigwa mstari, tukatoka na kibaba cha unga na dagaa wa kwenye kifuko. Njiani nikamwambia mama mdogo si ungelipa nusu ukala vizuri leo, akaniangalia kama mtoto akasema, "Nikilipa leo, wiki ijayo nikiishiwa ananikopesha."

Kwa hiyo mwanangu usiache. Unavyotuma kila mwezi na ya TASAF inavyokuja baada ya miezi miwili, mama yako anakuwa mtu anayekopesheka, na hilo likikatika hata mahindi atayauza yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Ukibanwa punguza kidogo ila mwambie mapema, asikae anasubiri meseji ya M-Pesa isiyokuja.

Mumeo naye ana pointi, tusimnyime. Kule Rarieda, Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa hela kwa simu, wengine wakapewa mkupuo wengine kila mwezi. Wa kila mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, wa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Sasa we chagua kwa kuangalia shida iliyopo, kama tatizo ni sufuria usilete bati. Mi ningeendelea na ya kila mwezi, halafu kwenye mwezi wa pili hivi, kabla ya masika, naongeza kidogo ya mbegu. Ila muulize yeye! Nyie watatu mmekaa Dar mnapanga matumizi ya mtu mzima aliyewalea bila kikao.

Angalizo moja tu, masharti. Wajukuu wa shule wanatakiwa mahudhurio asilimia 80, wadogo wapelekwe kliniki, wakizembea malipo yanakatwa. Kama kuna mjukuu anakwepa shule kwa aibu ya sare iliyochanika, hiyo sare ndo uanze nayo.

SWALI: Anti, huko kwetu Kilosa jirani amepata TASAF baba yangu hajapata, na nyumba zao zinafanana. Halafu hela zikijaa kijijini bei si zitapanda, tusiopata tuumie mara mbili?
Kijana wa Gongo la Mboto

JIBU: Kwenye bei ondoa hofu. Hukohuko Siaya baadaye walijaribu kwa ukubwa, vijiji 653, kaya zaidi ya 10,000 zikapewa kama dola 1,000 kila moja, na bei hazikupanda hata asilimia moja. Hata majirani ambao hawakupewa kitu matumizi yao yaliongezeka, maana aliyepata ananunua kuku wa ambaye hajapata, anamwita fundi, anasaga mahindi mashineni.

Kwenye majina hapo ndo penye maumivu. Majina yanatajwa kwenye mkutano wa kijiji, halafu kaya zinahojiwa kwa dodoso, ina watu wangapi, imeezekwa na nini, na nyumba mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kwa idadi ya watoto waliomo ndani. Makosa yapo, sitakudanganya. Baba asinung'unike barazani, apeleke malalamiko serikali ya kijiji, na mkutano ukiitishwa awepo mwenyewe, asimtume mtoto.