Kijana amerudi chuoni haamini tena: jibu la fundi wa friji, Kongowea

Mleta mada, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Kijana wako amerudi likizo, Jumapili akakataa kwenda kanisani, na ulipombana akakwambia mawili: kwamba uungu wa Yesu ulipitishwa na Konstantino, kaisari wa Roma, kwenye baraza la maaskofu kule Nisea, na kwamba Ukristo ni dini ya mzungu. Sasa unaomba "hoja za kumnyamazisha". Waliotangulia hapo juu wamekumwagia mistari ya kutosha, sitairudia. Mimi si mchungaji. Ni fundi wa friji na AC, nina kibanda karibu na soko la Kongowea, Mombasa, mwaka wa 19 huu, na wateja wangu wengi ni Waislamu. Nimeulizwa habari za imani yangu nikiwa na bisibisi mkononi mara nyingi kuliko nikiwa na Biblia.

Hilo neno kunyamazisha ndilo nianze nalo, maana mimi liliniunguza.

Miaka kama saba iliyopita, kwenye WhatsApp ya kina baba wa kanisani ulipita ujumbe kwamba wanasayansi wa NASA, wakipiga hesabu za jua na mwezi kwa kompyuta, wamekuta siku moja imepotea, wakaja kuiona kwenye kitabu cha Yoshua, pale jua liliposimama Gibeoni. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani. Alasiri hiyohiyo tumekaa nje ya kibanda, birika la kahawa chungu katikati, mimi nalehemu bomba la friji ya watu, nikaimwaga ile habari barazani kwa mbwembwe zote. Kulikuwa na kijana wa duka la simu la jirani, mtoto mpole, amehifadhi Qur'ani. Hakubisha. Alitoa simu yake, akasoma kidogo, akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, kama aliyekuwa akiniona haya kwa niaba yangu: "Ami, huu ni uzushi. Unazunguka tangu miaka ya sabini."

Wazee walicheka, wala si sana. Lililouma lilikuja baadaye. Kila nikifungua mdomo juu ya Yesu, mzee mmoja ananikata: "Hii nayo ya NASA?" Nikataja kaburi tupu, jambo ninaloliamini kwa moyo wangu wote, likawekwa kwenye mizani ileile. Nilikuwa nimeitetea kweli kwa uongo, na uongo ukanila mtaji wote.

Katika kazi yetu wako mafundi wanaojaza gesi bila kutafuta tundu. Friji inapoa siku tatu, mteja anakushukuru mpaka unaona aibu, wiki ya pili inarudi na samaki ameoza ndani. Hoja nyingi tunazorushiana vikundini ni za kujaza gesi namna hiyo. Mtoto wa chuo ana intaneti. Ukimpa moja ya uongo, tisa za kweli amezitupa pamoja nayo.

Basi Nisea. Kijana wako ana nusu ya habari, mpe hiyo nusu yake kwanza. Baraza lilikaa kweli mwaka 325, Konstantino ndiye aliyeliitisha kweli, na maaskofu walitia sahihi tamko. Lakini muulize walikuwa wanabishania nini. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, kwamba kulikuwa na wakati hakuwako. Hata huyo Ario hakusema Yesu alikuwa mtu tu kama mimi na wewe. Kwake Mwana alikuwa kiumbe cha kwanza na kikuu kupita vyote. Kwa hiyo hakuna aliyeingia ukumbini na nabii wa kawaida akatoka na Mungu. Orodha ya vitabu vya Biblia nayo haikujadiliwa pale. Vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyo navyo leo tunaviona vimeorodheshwa kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Konstantino alikuwa kaburini miaka 30.

Halafu kuna shahidi ninayempenda kuliko wote kwa sababu hakuwa wa kwetu. Karibu mwaka 112 Pliny, gavana Mroma aliyekuwa akiwaua Wakristo, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanye nini. Akaeleza kwamba watu hawa hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Na alikuwa gavana wa wapi? Bithinia, jimbo lenyewe ulimokuwa mji wa Nisea. Zaidi ya miaka 200 kabla ya lile baraza, kwenye udongo uleule, watu wanauawa kwa kuimba jambo ambalo mtoto wetu ameambiwa lilibuniwa na kaisari. Nyuma zaidi kuna Paulo akiwaandikia Wakorintho, karibu mwaka 55, kwamba habari ya kufa na kufufuka aliyowapa na yeye aliipokea, na kwamba wengi wa waliomwona Yesu baada ya kufufuka bado wako hai. Yaani nendeni mkawaulize.

Ila usipite kiasi hapa. Pliny hathibitishi kwamba Yesu amefufuka. Anachofanya ni kuivunja hadithi ya Konstantino, basi. Ukimwambia kijana "umeona, imethibitishwa", ataliona tundu kabla yako.

Dini ya mzungu. Sijui mnakaa wapi, lakini mkiwa Mombasa mpeleke Kengeleni, mnara wa kengele uko pale kwenye makutano, boda zimeegeshwa chini yake na hakuna anayeutazama. Hapo ndipo Frere Town, kijiji cha misheni kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler, wawili waliouzwa utumwani wakiwa watoto na kulelewa India. Kabla ya Frere Town watu wa namna yao walikuwa wanafundisha Rabai tayari. Mzungu alikuwepo, sikatai. Mmisionari Krapf, Mjerumani, alifika mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga huku Nyali. Lakini waliolishika neno na kulipeleka vijijini walikuwa weusi kama sisi, na baadhi yao walikuwa na alama za minyororo. Ukienda mbali zaidi, Athanasio niliyemtaja alikuwa wa Misri, Augustino alikuwa askofu kwenye nchi tunayoiita Algeria, na Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, alibatizwa karne ya nne, wakati nchi nyingi za Ulaya kaskazini hazijasikia habari hizo.

Hapo utashangilia, na kijana akiwa mjanja atakuonyesha ng'ambo ya pili ya maji. Ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 ina mizinga, na ina jina la Yesu. Yusuf bin Hassan, sultani aliyewaua Wakristo mle ndani mwaka 1631, alikuwa amelelewa Goa na haohao Wareno na kubatizwa, na baba yake aliuawa kwa njama za kapteni wa Kireno. Wapo Waafrika waliokufa siku hizo kwa kukataa kuikana imani, nami nawaheshimu. Lakini siwezi kuwasimulia wao nikauruka ule mzinga. Vilevile nimeacha kabisa kuwarushia jirani zangu Waislamu habari za watumwa wa Frere Town kama jiwe, maana Wareno nao walinunua na kuuza watu wakiwa na msalaba shingoni.

Na hao majirani, kwa kuwa umegusia: mihadhara ya kutukaniana vitabu viwanjani nimehudhuria miaka ya nyuma, sijaona mtu aliyetoka pale amebadilika isipokuwa sauti yake imekauka. Barazani kwetu tunaambizana wazi. Wao wanasoma kwenye Suratun Nisaa, aya ya 157, kwamba Isa hakuuawa wala hakusulubiwa; mimi nasema alisulubiwa, na nikiuondoa msalaba sina dini iliyobaki. Hatujifichi kwamba mmoja wetu amekosea. Kisha mtu anamimina kahawa. Petro aliposema tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza aliongeza "kwa upole na kwa hofu", na wengi wetu huukata mstari kabla ya kufika hapo.

Sasa lile ambalo hujauliza. Chimba kidogo, huenda kijana wako Nisea ni kisingizio. Kwetu ilikuwa Shakahola.

Mwaka 2023, miili ikifukuliwa kule msituni Kilifi, zaidi ya 400 mwishowe, watoto wengi, watu waliofundishwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu, nilipata kazi ya chumba cha barafu Malindi. Sanduku langu la vifaa lina kibandiko cha Zaburi ya 23. Kwenye matatu mama mmoja akakitazama, akanitazama, akauliza bila ubaya wowote: "Na wewe ni wa kufunga?" Sikuwa na Pliny wa kumjibu mama yule. Nilikibandua usiku huo, nikajuta, nikanunua kingine.

Binti yangu aliacha kanisa mwaka uleule. Aliniuliza tukiwa kwenye feri ya Likoni, tumebanwa na mikokoteni: "Baba, wale walikosa nini ambacho wewe unacho? Waliamini. Waliomba kukushinda." Nilivuka mpaka ng'ambo sijajibu. Ilinichukua wiki nzima kurudi kwake na Waberoya wa Matendo 17, waliosifiwa kwa kuyachunguza maneno ya Paulo mwenyewe kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Nikamwambia wale wa msituni walinyang'anywa ruhusa ya kuuliza, na mengine yote yakafuata hapo. Akasema: "Na kanisani kwetu ruhusa hiyo ipo?"

Haikuwepo. Kijana mmoja wa kwetu aliyeuliza habari za dinosaria aliambiwa ana roho ya mashaka, akaombewa mbele za watu. Kwa hiyo nilimwendea kasisi, na nilikwenda nikitetemeka. Alikubali saa moja baada ya ibada, Jumapili ya mwisho ya mwezi, viti vya plastiki nyuma ya jengo, maswali yanaandikwa bila jina na kutiwa kwenye kopo la Kimbo. Karatasi ya kwanza kutolewa iliuliza: "Sadaka ya ujenzi ya miaka minne iko wapi?" Watu waliangua kicheko, kasisi hakucheka, na mwezi uliofuata hesabu zilibandikwa mlangoni. Mwaka mzima ule sijaona jambo lililoitetea Injili mtaani kwetu kuliko ile karatasi mlangoni.

Kwa hiyo mleta mada, usimpeleke akaombewe kama mwenye pepo. Mpikie chai, muulize lini alianza kufikiri hivyo na nani alikuwepo, unyamaze asikilizwe. Usilolijua mwambie utalitafuta, umtajie na siku, na siku hiyo urudi.

Binti yangu hajarudi kanisani. Lakini hunitumia maswali usiku kwa WhatsApp, na ya juzi ni juu ya Yoshua: vipi Mungu wa upendo aamuru Yeriko iangamizwe na watoto wake. Katika vitabu vyote, hichohicho. Nimemwahidi Jumamosi. Nimeshakisoma mara mbili tangu mwanzo, friji za watu zinanisubiri, na leo ni Alhamisi.